Mbuzi Hana Zamu

Jumanne, 27 Mei 2025

Nimenyamazishwa! Na daktari.

Asubuhi nzima hospitali ya Mulago kwenye benchi. Kisha wakanipitisha mrija wenye taa puani mpaka kooni — machozi, makamasi, aibu tupu. Daktari mwenyewe binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Akasema kwenye nyuzi za sauti nimeota vinundu. Kisa? Kupiga kelele. Nikamwambia sipigi kelele, nafundisha Kiswahili Senior Two, watoto tisini kwenye chumba cha arobaini. Akasema ndiyo hiyo hiyo.

Amri yake: kimya. Si kuongea taratibu — kimya kabisa. Hata kunong'ona marufuku, eti kunalichosha koo zaidi. Mpaka atakapoamua yeye. Nikikaidi, upasuaji.

Nikauliza: na Jumapili je? Akadhani nasema kanisa. Akanishauri niimbe moyoni.

Kanisa! Nilikuwa nauliza mchezo. Nikamweleza haraka haraka kabla amri haijaanza kazi. Kwamba tuko wanne. Kwamba kila Jumapili mchana tunakutana saluni kwa Mama Guerschom, pale Nsambya, hapa hapa Kampala, tunacheza hadithi. Wenzangu kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Mimi ndiye msimulizi, nina vyote vilivyobaki — mvua, njia, walinzi, majambazi, na Bwana Ukungu aliyelifunga lango la mji wa Kasiri miaka mia iliyopita. Wao wanasema wanafanya nini, dadu inaamua kama wameweza, mimi nasema kilichotokea. Miaka miwili sasa. Mimi nikinyamaza, dunia nzima inasimama!

Daktari akasema basi isimame. Akamwita mgonjwa mwingine.

Jumapili, 1 Juni 2025

Haikusimama. Imenyang'anywa.

Okidi ndiye aliyetangaza. Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, konstebo wa trafiki, tunakaa naye nyumba moja kwenye kota za polisi, na tangu Jumanne anafurahia nyumba ilivyotulia. Alisimama katikati ya saluni kama anasoma taarifa ya habari: sista amefungwa mdomo na serikali. Wakacheka. Mama Guerschom akanikumbatia kwanza, kisha akacheka.

Nikaandika kwenye daftari, herufi kubwa: TUSIMAMISHE MPAKA NIPONE.

Mama Guerschom — Julienne, mwenye saluni, wa Bukavu, ulimi wake haujui kupumzika — akaisoma kwa sauti. Akasema, "Mwalimu, weye ukipona Krismasi, siye tutakuwa tunafanya nini? Bon. Tugawane hadithi. Leo huyu, kesho yule." Okidi akaunga mkono. Tamim naye akaunga mkono kwa kichwa. Huyu ni fundi wa simu, kwao Bombo, na kwenye mchezo ana mpiga mishale ambaye kwa miaka miwili amesema neno moja tu: "Napiga." Hata yeye!

Basi wakagawana zamu papo hapo. Okidi kwanza, kisha Julienne, kisha Tamim. Na mimi? Wakanitazama. Sina mtu wangu ndani ya hadithi, sijawahi kuwa naye.

Okidi akasema nipewe kitu kisichosema.

Kuna mbuzi. Mimi mwenyewe nilimweka kwenye hadithi, zamani, awabebee mizigo. Hata jina sikumpa. Julienne akampa leo: Mheshimiwa. Kwa sababu anakula bure, na ukimwuliza swali hajibu. Tamim alicheka mpaka akainamia sinki la kuoshea nywele.

Kwa hiyo mimi, Adoch, mwenye diploma, ni mbuzi. Nagonga meza kwa kitana: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Na kiti changu — kile cha draya ya kukaushia nywele, chenye ile kofia kubwa juu, hapo ndipo msimulizi hukaa — Okidi kesha kalia.

Kuna jambo moja hawalijui na sitawaandikia. Kilichopo nyuma ya lango la Kasiri. Ni ziwa. Ziwa zima limesimama wima, kama ukuta, samaki wanaonekana ndani. Nimelibeba miaka miwili. Mwisho huo ni wangu. Wagawane njia wakitaka, wagawane na mvua, mwisho hagawiwi mtu!

Ijumaa, 6 Juni 2025

Idd. Tamim amekuja na sinia la pilau na nyama, limefunikwa vizuri. Amesimama mlangoni na kanzu yake mpya.

Tamim ana kigugumizi. Neno linamkwama, linakwenda mbele na kurudi. Mimi siku zote humsaidia. Namalizia. Tunaokoa muda. Leo alianza, "Madam, hii si... si..." Nikafungua mdomo nimsaidie, nikakumbuka. Basi tukasimama hapo, yeye na neno lake, mimi na sinia. Jirani akapita, akasalimia, akaenda.

Akamaliza mwenyewe: "Si jamaa yako huyu, Madam. Nimeuliza."

Nilichelewa kuelewa. Nyama! Ya mbuzi!

Sikujua Tamim anatania watu.

Jumapili, 8 Juni 2025

Siandiki kwa hasira. Naandika kwa kalamu, lakini karatasi imetoboka.

Zamu ya Okidi. Bwana Ukungu — Bwana Ukungu wangu! Asiyeonekana uso, anayepita usiku na vijiji vinasahau majina yao. Miaka miwili nimemficha. Wamemsikia kwa mbali tu, kikohozi chake. Nilikuwa nampika polepole.

Okidi amemwekea kizuizi barabarani.

Ndiyo. Kizuizi. Magogo mawili na askari wawili wenye njaa. Bwana Ukungu anashuka mlimani na ukungu wake wote, askari anainua mkono. Okidi akaingia na sauti ya kazini kabisa: "Simama hapo! Unatoka wapi? Hii ukungu yako iko na kibali?" Julienne alianguka kitini kwa kicheko. Bwana Ukungu hana kibali. Okidi akarusha dadu kwa niaba yake — pande ishirini, imetoka moja. Moja! Amekamatwa. Ameingizwa selo, amevuliwa mkanda na viatu.

Nikagonga hapana. Mara mbili, mara kumi, jino la kitana likakatika. Okidi akasema Mheshimiwa atulie, kikao kinaendelea. Wakaninyang'anya kitana!

Usiku mtu huyo akaniuliza nyumbani, anasonga ugali wa posho, eti dada, nimefanyaje? Nilimpa mgongo. Mbaya zaidi, ilichekesha. Hilo sitamwambia.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sikukuu ya Mashujaa. Hakuna shule. Bado amekamatwa.

Jumapili, 15 Juni 2025

Zamu ya Mama Guerschom. Nilimwandikia kurasa tatu za kumwongoza: jinsi ya kumtorosha Bwana Ukungu, atokee wapi, aseme nini. Nikazipeleka mapema, nikampa mkononi. Akasema merci, Mwalimu, akawashia sigiri. Mbele yangu! Akasema makaa ya siku hizi hayashiki bila karatasi nzuri.

Kisha akakaa kwenye kiti cha draya, akajifunga kitenge vizuri, akaanza. Asubuhi. Selo. Mlango unagongwa. Ni mama yake Bwana Ukungu. Amebeba chakula.

Nilitaka kucheka. Mama! Bwana Ukungu hana mama, nilimtengeneza mimi, namjua. Lakini hakuna aliyecheka. Okidi akauliza mara moja amemletea nini. Julienne akasema bugali na sombe, yale majani ya muhogo, na sambaza kidogo, kwa sababu mtoto huyu tangu zamani hali bila samaki. Tamim akauliza kama walinzi walionja kwanza. Julienne akasema walionja, tena sana, mama akawaangalia tu. Kila mtu humo ndani alijua jinsi mtu anavyopelekewa chakula selo. Hawakuuliza sheria za mchezo hata mara moja.

Na mama akaanza kumgombeza. Umekonda. Nilikuambia ukungu utakuingia kifuani. Ulikuwa mtoto wa kuogopa watu, wageni wakija unajifunika shuka, mimi nikadhani utaacha ukikua. Kumbe umekwenda kutafuta shuka kubwa!

Okidi aligeukia dirishani, akafuta macho. Alisema ni vumbi.

Wivu. Haya, nimeliandika. Miaka miwili sikufikiria huyo mtu ana mama, na huyu msusi amempata kwa dakika moja huku anakoroga chai.

Kisha Julienne akanigeukia. "Na Mheshimiwa yuko hapo uani, kamba imelegea. Anafanya nini?"

Sijawahi kuulizwa hivyo. Mimi ndiye huwa nauliza! Nilitazama huku na huku. Mbuzi anafanya nini? Nikakamata kona ya kitenge kilichofunika sahani ya karanga, kitenge cha kweli, nikakivuta kwa meno. Sikufikiri. Mwalimu wa serikali, kitenge mdomoni.

Julienne akanipa dadu. Ishirini!

Wakaruka. Kitenge cha mama kimetoka, sahani imepinduka, na chini ya sombe — Julienne akashika mdomo kama yeye mwenyewe hakujua — kuna ufunguo. Ufunguo wa lango la Kasiri. Mama alikuwa anamletea mwanawe ili akafungue, aache ujinga. Na aliyeupata ni Mheshimiwa!

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilipiga miguu sakafuni mpaka jirani wa duka la vocha akaja kuuliza.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Mulago tena. Vinundu vinapungua. Niendelee hivyo hivyo, kimya kinanifaa. Daktari huyu ananichokoza.

Nikapita soko la Kalerwe kununua nyanya na dodo, mchicha wa huku. Nikaonyesha kwa vidole. Mama muuzaji akaniita bambi, yaani maskini, kiziwi, akaanza kuniongelesha kwa kupiga kelele sokoni kote: "NYABO! HII NZULI SANA!" Akaniongezea nyanya juu ya fungu kwa huruma. Nikazichukua. Mbuzi hakatai.

Nimefika nyumbani namkuta Okidi amekaa kitandani na viatu vya kazi. Uhamisho. Moroto, kaskazini-mashariki kabisa. Jumatatu ya tarehe saba Julai awe ameripoti.

Akatania: hapa sasa utaongea peke yako, dada, hakuna wa kukukatiza. Nilimpiga na fungu la dodo. Kisha nikampikia hilo hilo dodo.

Jumapili tatu. Zimebaki tatu tu, basi saluni itakuwa na watu watatu. Lazima hadithi iishe kabla hajaondoka. Lazima nipone kabla haijaisha.

Jumapili, 22 Juni 2025

Nimevunja amri.

Zamu ya Tamim. Alikuja na shati limepigwa pasi. Kiti cha draya hakukikalia, alikaa pembeni, juu ya mkono wake mmoja tu. Bwana Ukungu ametolewa kwa bondi ya polisi (Okidi alisisitiza), anafuatana na kundi letu, na mama yake nyuma na kikapu. Tunaelekea Kasiri. Mpaka hapo vizuri. Anasimulia polepole, anaacha nafasi, kisha anauliza: nyinyi mnaona nini? Julienne akasema anaona moshi. Basi kuna moshi. Okidi akasema anasikia ng'ombe. Basi kuna ng'ombe. Nilishangaa. Hivyo inaruhusiwa?

Kisha akasema: "Mnafika ukingoni. Chini ni mbali sana. Na mbele yenu ku... kuna..."

Akakwama. Vibaya. Macho yamefumba, shingo imekaza. Okidi anatazama viatu vyake. Julienne anatazama chai. Muda unakwenda, saa ya ukutani inasikika. Na mimi najua! Ukingoni, chini mbali — ni nini kingine?

"Daraja!"

Ilitoka kama mlango wenye kutu. Kila mtu akageuka. Mama Guerschom akapiga yowe, "Mwalimu!" Okidi akasimama.

Tamim akafumbua macho. Akasema, "Ndiyo. Daraja." Bila kukwama. Tukavuka daraja. Hakuuliza tena mnaona nini. Alimaliza mapema.

Koo linawaka. Nimekunywa maji ya moto na asali. Okidi hajanitania usiku huu, hata neno.

Jumanne, 24 Juni 2025

Mama Guerschom amekuja nyumbani kunisuka. Sikumwita. Alikuja na kitana na nywele za kuongeza, akanikalisha chini, kichwa changu katikati ya magoti yake. Mtu akikushika hivyo huendi popote.

Akaongea peke yake kwa saa mbili. Kodi ya saluni, mchungaji mpya, mteja aliyetaka nywele za harusi na harusi hakuna. Kisha, anavuta kifundo kimoja sana: Tamim alikuwa anajifunza hadithi yake wiki nzima. Anawasimulia wateja pale kwenye kibanda chake, anawatengenezea simu na kuwasimulia. Hapakuwa na daraja.

Nikageuka. Akanirudisha kichwa.

Nikaandika: ALITAKA KUSEMA NINI?

Akasema alimwuliza. Alijibu haina shida, sasa ni daraja.

Basi. Akaendelea na habari za mchungaji. Mimi nilikuwa nasaidia! Mtu amekwama mbele ya watu, unamwacha? Hiyo ndiyo adabu? Nimeandika hayo yote, nikamwonyesha. Akasoma. Akasema, "Njo vile, Mwalimu," akanivuta kifundo kingine.

Kichwa kinauma. Mistari imenyooka vizuri lakini.

Nimekaa nawaza pale ukingoni palikuwa na nini. Mtumbwi? Mtu? Moto? Nimejaribu mengi, hakuna hata moja linalofanana na Tamim.

Jumapili, 29 Juni 2025

Okidi tena. Alituharakisha kama msafara wa mkubwa, tukafika Kasiri kabla ya chai. Lango liko mbele yetu. Limeota kutu, refu, ndege wamejenga juu. Ufunguo uko shingoni mwa Mheshimiwa, kwa kamba. Hapo akasema tuishie, kilichobaki ni cha Jumapili ijayo, ya mwisho.

Na nani atasimulia mwisho?

Nikasimama. Nikajionyesha kidole. Nikaandika: NARUDI KWA DAKTARI IJUMAA. MWISHO NINAO TAYARI. MIAKA MIWILI!

Wakatazamana. Mimi nawajua wakitazamana.

Mama Guerschom akasema kwa upole kwamba zamu ni yake, ila amempa Tamim, kwa sababu ile ya Tamim ilikatizwa. Okidi akasema ni kweli, zamu ni zamu, hata ya kupewa. Tamim mwenyewe akasema Ma... Madam akipona achukue, yeye ha... hana neno. Nikagonga mara moja: ndiyo! Umesikia?

Julienne akasema tupige kura. Mkono wake juu: Tamim. Okidi mkono juu: Tamim. Ndugu yangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni! Mkono wangu juu: mimi. Tamim hakuinua. Akasema hajipigii kura. Okidi akatangaza mbili kwa moja, na kwamba kisheria mbuzi hana kura wala zamu, lakini kikao kimemheshimu.

Wote wakacheka na mimi nikacheka, bila sauti. Nimefika nyumbani nimelia, bila sauti pia.

Niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma. Naogopa. Si vinundu. Naogopa wamegundua kwamba bila mimi inakwenda. Tena inakwenda vizuri. Hadithi yangu ilikuwa na ukungu na vita na laana, na hao wamenipa mama na kikapu, na mimi mwenyewe Jumapili nasubiri kujua mama huyo atasema nini. Sasa mimi ni wa nini?

Ziwa. Ziwa ndilo limebaki.

Ijumaa, 4 Julai 2025

Nimepona!

Daktari akaingiza mrija wake, akatazama, akatazama tena, akasema safi. Sema kitu. Nikasema asante. Sauti imetoka laini, kama ya mtu mwingine. Nikasema tena asante, nikasema Mulago, Nsambya, Kasiri. Akacheka. Akasema polepole, kidogo kidogo, na shuleni niombe kipaza sauti. Nikamwambia shuleni hata chaki tunaomba.

Sijamwambia mtu. Okidi alipouliza jioni daktari kasemaje, nilikunja mabega. Alikuwa anafunga sanduku lake la bati, hakuuliza tena.

Mpango ni huu. Jumapili nitakaa chini kama mbuzi, kimya. Lango litafunguliwa. Tamim atasema nyuma ya lango kuna — na hapo atakwama, namjua. Nami nitasimama, niseme kwa sauti yangu mpya: "Kuna ziwa. Limesimama wima." Nani atakataa? Watashangilia nimepona, watasahau kura. Tamim mwenyewe atapumua. Nimelijaribu bafuni, maji yamefunguliwa asisikie mtu. Linapendeza sana.

Jumapili, 6 Julai 2025

Naandika hapa hapa saluni, chini, nimeegemea sinki. Wanadhani ni lile daftari la mbuzi, ninalowaandikia.

Mama Guerschom amepika kama harusi. Sambusa, wali, kuku. Amefunga saluni kabisa, pazia chini, wateja wawili wamegonga wakaambiwa kuna kikao. Okidi amekuja na nguo za safari tayari, basi ni alfajiri. Anatania kupita kiasi. Amesema Moroto atakamata hata upepo.

Tamim amekalia kiti cha draya. Ndani kabisa, mgongo umeegemea. Kofia juu ya kichwa chake.

Ameanza vizuri. Tuko mbele ya lango. Anauliza tena! Mnaona nini, mnasikia nini. Nilidhani nilimwua Jumapili ile. Julienne anasema mama yake Bwana Ukungu amemshika mwanawe mkono. Okidi anasema mwizi wake — ndiyo, polisi kwenye mchezo ni mwizi — amerudisha kila alichoiba, kipo kwenye gunia hapo chini. Miaka miwili simwelewi Okidi na huyo mwizi wake. Leo kidogo.

Tamim akaniuliza Mheshimiwa anafanya nini. Nikainamisha shingo, wachukue ufunguo.

Dadu: kumi na saba. Lango linafunguka. Tamim ameonyesha kwa mikono miwili, polepole, mpaka na mimi nimelisikia.

"Na nyuma ya lango," anasema, "ku... kuna..."

Amekwama.

Nilijua! Hapa hapa. Macho yamefumba, shingo imekaza. Mkono wake umekamata kiti. Ziwa langu liko kwenye ulimi. Sauti ninayo. Ni neno moja tu, kisha nitasimama na saluni yote itageuka.

Julienne hatazami chai. Anamtazama yeye. Okidi pia anamtazama — hapana, ananitazama mimi. Kajua? Huyu tunalala nyumba moja, kuta za kota ni mbao. Kasikia bafuni! Lakini hasemi kitu. Ananitazama tu, kesho anaondoka, hasemi.

Bado. Ku... kuna...

Naandika ili mkono uwe na kazi. Nimeuma midomo. Nataka kulisema, Mungu anajua, nataka mno. Lakini kuna kitu kingine kinanisumbua na sikukipanga. Sijui atasema nini. Miaka miwili mimi peke yangu ndiye niliyejua kilichoko nyuma ya lango hili, sijawahi kusimama hapa nje na wengine, nikinyoosha shingo.

Saa ya ukutani. Kuku anapoa. Hakuna anayemsaidia. Jasho linamtoka Tamim kwenye paji la uso, na bado hajatazama huku kwangu kuomba. Hata kidogo.

Amevuta pumzi. Midomo yake imekutana, imebanana.

Neno ziwa halianzi kwa midomo hivyo.

Si ziwa. Ni nini, jamani? Ni nini —